Kokushubila na Kibanja cha Edvina

Rubafu huamka ndani ya ukungu. Ukungu hupanda kutoka ziwani, ukaingia kati ya migomba polepole, kama mgeni asiyetaka kuamsha watu. Edvina aliipenda saa hiyo. Alikuwa akianika kahawa uani huku akitazama kaburi la mumewe, Onesphory, lililokuwa kibanjani, shamba lao la migomba na kahawa lililozunguka nyumba. Wakati mwingine ukungu ulipopita pale, alimwona mumewe amesimama, akikata majani makavu ya migomba. Jua likitoka, hayupo.

Kibanja hicho hakikuwa cha ukoo. Walikinunua wawili, wakakipanda kwa mikono yao.

Siku moja shemeji yake, Kyaruzi, alikuja na mfanyabiashara kutoka Muleba. Walizunguka kibanja wakionyeshana mipaka.

"Karibu waitu, Ta Kyaruzi," Edvina alisema, akimkaribisha kwa heshima ya Kihaya. "Mnatafuta nini?"

"Ma Edvina, umesahau? Ukoo ulikaa baada ya matanga, ukanichagua msimamizi wa mirathi. Kibanja ni changu sasa. Huyu bwana anakinunua."

"Na kaburi la ndugu yako?"

"Kaburi halizai ndizi."

Mfanyabiashara alicheka, kisha akaona aibu, akatazama chini.

Edvina hakubisha. Alikuwepo kwenye kikao kile. Yeye mwenyewe alipiga makofi Kyaruzi alipochaguliwa. Aliamini mambo yamekwisha. Akaanza kufunga vyombo vyake na vya watoto wake.

Jumamosi ile Kokushubila, binti wa jirani, alikuja kumsalimia mama yake. Alikuwa wakili mjini Bukoba. Alipokuwa mtoto, baba yake alifariki, naye na mama yake wakafukuzwa shambani. Ndiyo sababu alisoma sheria.

"Ma Edvina, unahama?"

"Narudi kwetu Nshambya, mwanangu. Kibanja kimekwenda."

"Kimekwenda wapi? Kimeota miguu?"

Edvina alicheka bila kutaka. Kisha akalia, akamweleza yote.

"Ukoo unapendekeza jina tu," Kokushubila alisema. "Anayeteua msimamizi ni mahakama. Na hata akiteuliwa, msimamizi si mwenye mali. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni yake, anawagawia warithi. Halafu anarudi mahakamani kueleza alivyogawa."

"Lakini mimi nilipiga makofi."

"Makofi hayauzi shamba. Fungua vyombo vyako. Jumatatu twende Mahakama ya Mwanzo."

Walipofika walikuta Kyaruzi ameshaomba kuteuliwa. Tangazo lilikuwa ukutani. Edvina akaweka pingamizi. Akaeleza kwamba Kyaruzi alitaka kukiuza kibanja kwa mfanyabiashara wa Muleba.

Siku ya kusikilizwa, Kyaruzi alisema, "Mheshimiwa, huyu ataolewa kwingine. Kibanja kitapotea."

"Wewe ulitaka kukiuza," hakimu alijibu. "Kwani hapo kisingepotea?"

Watu wakacheka. Majirani walishuhudia kwamba mume na mke walinunua pamoja. Hakimu akamteua Edvina kuwa msimamizi, naye akamwonya, "Wewe pia hupewi mali iwe yako peke yako. Wagawie warithi, kisha uje utoe taarifa."

Edvina akafanya hivyo. Alibaki kibanjani na watoto wake.

Habari ilisambaa. Wajane walitoka Buhembe, wengine visiwani, kumtafuta wakili yule. "Gombea ubunge," walimwambia. Aligombea, akashinda. Miaka ikapita kama mawingu juu ya ziwa, naye akawa waziri. Siku ya kiapo, Rubafu nzima ilikaa karibu na redio. Edvina alisikia sauti ile ile iliyomwambia afungue vyombo vyake. Ilikuwa kama ndoto anayoota macho wazi.

Waziri alipokuja kijijini, wanawake walijaa uwanjani.

"Mheshimiwa, tueleze habari za mirathi!" walisema.

"Mimi nimesema sana Dodoma," alijibu, akaketi kwenye nyasi. "Ma Edvina, waeleze wewe."

Edvina alisimama. Alianza kwa sauti ndogo. Taratibu sauti ikakua, mpaka waliokaa nyuma wakaacha kunong'ona.

Mjane mmoja kijana alinyoosha mkono. Alitoka kisiwani, mumewe alikuwa mvuvi. "Mimi shemeji zangu wamechukua mtumbwi na nyavu," alisema. "Niende wapi?"

Watu wote wakamtazama waziri. Waziri akamtazama Edvina.

"Mahakama ya Mwanzo," Edvina alisema. "Leo ulale kwangu, mwanangu. Kesho twende wote."