Stempu ya Ndege Kichwa Chini

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaketi kando ya cherehani, dukani kwa shangazi yake, kushona vifungo. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, maana mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo, hata hivyo, alitulia kama maji ya mtungini.

"Leo umemeza nini?" shangazi aliuliza.

"Ni ile stempu, shangazi. Leo tunaenda kuichukua."

Stempu hiyo alipewa na babu yake. Kwa kosa la kiwandani, ndege aliyechapwa juu yake alikuwa kichwa chini, miguu juu, na zilizotoka hivyo zilikuwa chache mno. Chiriku, akiwa na shangazi, aliipeleka kwa wakaguzi, watu wanaochunguza stempu za zamani, kuthibitisha kama ni halisi na kuzipa daraja. Alitaka kuionyesha kwenye maonyesho ya shule, na babu alikuwa ameahidi kuja.

Walifunga duka wakaenda. Ofisi ilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye taa kali mezani. Karani alifungua droo moja baada ya nyingine, akachungulia hata chini ya kiti.

"Haipo," alisema. "Labda hamkuileta."

"Hatukuileta?" Shangazi alishika kiuno. "Kijana, uliipokea kwa mkono wako, ukaisifu. Au ndege ameruka?"

"Mama, tafadhali usipandishe sauti."

"Bado hata sijaanza!"

Kelele zilimtoa mkuu wa ofisi chumba cha ndani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Nipeni mpaka kesho. Tutapekua kila pembe." Chiriku alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito. Babu angemwambia nini?

Kesho yake karani aliwapokea akitabasamu mpaka magego. "Imepatikana! Ilikuwa kwenye trei nyingine."

Shangazi alipiga kigelegele, watu wa ofisi jirani wakatoa vichwa nje. Chiriku aliipokea stempu. Ndege alikuwa kichwa chini, sawasawa. Lakini meno ya ukingoni yalikuwa mazima yote. Ya kwake ilikuwa na pengo kwenye kona, na rangi imepauka. Hii ilikuwa mpya kama iliyotoka kiwandani jana, na bahasha yake iliandikwa: daraja la kwanza.

Daraja la kwanza! Chiriku alimeza mate. Nani angejua? Babu mwenyewe macho yalishaanza kumsaliti. Aliitazama tena, akaigeuza, akaitazama.

"Hii si yangu," alisema.

Karani alikunja uso. "Mdogo wangu, hiyo ni nzuri kuliko unayoisema. Chukua, mambo yaishe."

"Ni nzuri kweli, kaka, lakini si yangu. Kuna mtu anaitafuta."

Shangazi alimtazama, akamtazama karani. "Umesikia? Mwite mkubwa wako."

Mkuu wa ofisi aliiweka stempu chini ya kioo cha kukuzia, akaguna. "Nani mwingine alituletea ndege huyu?"

Karani alijipiga paji la uso. "Kinyozi wa mtaa wa nyuma! Alichukua bahasha yake juzi."

Walimpigia simu. Kinyozi alifika mbio, aproni bado shingoni, mteja wake kamwacha amenyolewa upande mmoja. Alikuwa hajaifungua bahasha yake. Walipoifungua, Chiriku aliruka juu. "Ndiyo hii! Tazameni pengo lake!"

Kinyozi aliishika ya kwake kwa mikono miwili. "Hii aliniachia marehemu kaka yangu," alisema. "Ingepotea, ningemwambia nini mwanawe? Ahsante sana, binti yangu."

"Nisamehe," karani alimwambia Chiriku. "Nilichanganya bahasha mimi, halafu nikakutupia lawama wewe."

"Yameisha, kaka."

Stempu ya Chiriku ilipata daraja la tatu tu. Lakini siku ya maonyesho, kinyozi alikuja na ya kwake, akaomba iwekwe kando ya ya Chiriku. Ndege wawili kichwa chini kwenye meza moja! Wanafunzi walisukumana, walimu wakainama kutazama, na Chiriku akasimulia mpaka sauti ikakauka. Mwalimu mkuu alipotangaza meza iliyoshika nafasi ya kwanza, ilikuwa yake. Shangazi alipiga kigelegele kingine, na safari hii hakuna aliyeshangaa.

Babu alimvuta mjukuu wake kando. "Ungeichukua ile nzuri," alisema, "leo ungekuwa unasimama na hofu kila mtu anapoikaribia meza yako. Ulisema kweli ilipokuwa rahisi kunyamaza. Umepata haki yako, mwenzako naye amepata yake, na hakuna wa kumkwepa njiani. Ishi hivyo hivyo, mjukuu wangu."

"Nimesikia, babu," Chiriku alijibu, kisha akageuka kuwakaribisha wageni waliokuwa wakibanana mlangoni.