Punje Mbili za Tunda Moja

Kidole kikichubuka alfajiri, jua likipanda kimeshakauka. Ndivyo vidole vya watu wote vilivyo. Kidole gumba cha Yustasi Ndyamukama kilikataa. Alikuwa akizungusha hendeli ya kuwashia lori uani kwa Bwana Placidius, pale Nyakahanga, hendeli ikarudi kwa kishindo, ikamchuna. Jeraha lenyewe la kuchekwa. Akalifunga kitambaa, kitambaa kikalowa. Akafunga kingine, nacho kikalowa.

"Basi lala leo, utakwenda kesho," Bwana Placidius alimwambia. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, mfanyabiashara wa kahawa, tajiri mwenye huruma, na matajiri wa namna hiyo hawakuwa wengi hata zamani.

"Waitu, bwana wangu, mimi nilale?" Ndyamukama akacheka. "Nimekuwa utingo tangu sijaota ndevu. Nimelisukuma lori hili matopeni mpaka nikalijua kwa harufu. Leo nina leseni mfukoni, halafu nishindwe na kidole?"

Ndivyo alivyokuwa, mdomo mwingi na moyo mweupe. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa ilipokuwa kahawa, na dereva alipokuwa mtu wa kupishwa njiani. Siku ile alikwenda peke yake, kwa sababu utingo alikuwa yeye mwenyewe mpaka juzi na wa kushika nafasi yake alikuwa hajapatikana. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Mkewe, Kobugabe, alikuwa ameamka na uchungu. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuwazika, wote wawili mgombani nyuma ya nyumba, kama desturi ilivyo, na wote walizaliwa baba yao akiwa safarini juu ya magunia. Asubuhi hiyo Kobugabe alimshika mkono mlangoni.

"Wale wawili walikuja hupo," alimwambia. "Huyu mpokee wewe. Akisikia sauti ya baba yake labda atakaa."

"Jua halitazama sijafika."

"Apa."

Akaapa. Shangazi wa Ndyamukama, bibi Deodatha, ndiye aliyebaki na mzazi. Bibi huyu alibatizwa kama wengine na Jumapili aliimba kuliko wengine, lakini mizimu ya kwao hakuwahi kuisahau, na watu waliompita kanisani kwa madaha walimfuata jioni kwa mlango wa nyuma.

Basi lori likaondoka. Likapita Omurushaka, likashika njia ya Nkwenda, liende likapakie kahawa upande wa Kyerwa na kurudi. Ndyamukama aliimba. Ng'ombe walipovuka njia aliwapigia honi bila sababu, ili wachungaji wamwone tu. Nani angemlaumu?

Kwenye mteremko mmoja mrefu, pale njia inapojikunja juu ya bonde, palisimama mtu. Mtu mzima, kanzu imefunikwa na koti la kaki, kofia mkononi. Hakupunga wala hakuita. Aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, na hilo ndilo lililomsimamisha Ndyamukama, maana hakuna dereva aliyewahi kusalimiwa hivyo siku yake ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unashuka na gia gani hapo?"

"Ya tatu."

"Weka ya pili. Breki usiikanyage mpaka ulipite lile jiwe. Nisogeze mbele kidogo, nitakuonyesha."

Akapanda, akamwonyesha. Lori zima likashuka taratibu, na kwenye kona pale Ndyamukama aliona jinsi ukingo ulivyokuwa umemomonyoka, akajua kwamba kwa gia ya tatu angeishia bondeni. Jasho likamtoka.

"Umeniokoa, mzee. Wewe ni dereva?"

"Nilikuwa. Nilibeba madini ya bati kutoka migodini Kyerwa. Naitwa Cassian."

Mzee akatoa kijikapu cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri ikaanikwa juani. Sasa kwetu, mtu akikupa kahawa hukatai. Ukikataa umemwambia kwamba anaweza kukuua. Mkataa kahawa ni mtu mbaya kuliko mwizi.

"Ipasue wewe," mzee akasema. "Vidole vyangu havina nguvu siku hizi."

Ndyamukama akashika usukani kwa mkono mmoja, akalipasua tunda kwa kidole gumba, kitambaa kimekwisha kulegea, na punje mbili zikatoka zimelowa wekundu. Moja akampa mzee. Mzee akaila. Kisha, kwa kuwa njia ilikuwa mbovu na dereva mikono yake iko kazini, mzee akaiokota ile ya pili, akaizungusha kidogo kiganjani mwake, akamlisha mdomoni kama mama amlishavyo mtoto.

Ilikuwa na chumvi. Ilikuwa na udongo.

"Ahsante," mzee akasema, na machozi yakamshuka. "Sasa na mimi nina ndugu."

Ndyamukama akacheka, kisha akakumbuka. Kila Mnyambo aliyelelewa, na Ndyamukama alikuwa mmoja wao, anajua omukago, ule udugu wa damu, unavyofungwa: watu wawili, tunda moja, punje moja moja, kila mtu anakula damu ya mwenzake, na tangu hapo hakuna anyimwalo. Nyumba yako ni yake. Wachungaji waliukemea madhabahuni, lakini jambo halifi kwa kukemewa. Akakitazama kiganja cha mzee. Kilikuwa na ufa toka kidole hadi kifundo, na ufa ule haukuwa na damu nyekundu bali maji meusi. Akalitazama koti lake: vumbi jekundu lilikuwa limemfunika yeye dereva mpaka kope, lakini koti la mzee halikuwa na chembe hata moja.

"Tunafika," mzee akasema kwa upole. "Tazama mbele, ndugu yangu."

Alipotazama mbele akaona ghala. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na ndani ya lori palinuka shimo lililochimbwa muda huo huo.

Karani wa ghala, kijana aitwaye Gosbert, alikuwa amesimama na kalamu sikioni, anamkodolea macho.

"Dereva, ulikuwa unaongea na nani njia nzima? Tumekuona toka kule juu, unacheka, unaitikia."

"Mzee mmoja. Nilimchukua konani. Cassian."

Gosbert akaitoa kalamu sikioni. Akazungumza chini chini, kwa woga. "Cassian yupo pale konani siku zote. Lori la bati lilimlalia. Alikuwa mtu wa mbali, kwao hakujulikana, basi wakamfukia kando ya njia, wakaondoka. Wanaopita pale hutupa jani, wanakwenda mbio. Hujampa kitu, natumaini? Hujala naye?"

Ndyamukama akakificha kidole chake. Mtu aliyejipalia makaa hana haja ya kuulizwa kama kunaungua.

Wakampakilia magunia. Aliomba wafanye haraka, akasaidia kubeba mwenyewe, damu ikichora kila gunia alilogusa, na jua lilipoanza kuinama akawasha lori akarudi kwa njia ile ile kwa kuwa nyingine hakuna. Pale konani hakusimama. Alifumba macho nusu, akapiga honi mfululizo, akataja jina la Yesu kwa kila ngurumo ya injini, na alipofumbua macho vizuri akasikia kiti cha kushoto kikilia springi zake polepole, kama vilivyo viti vyote mtu akikaa.

"Usinipigie honi," sauti ikasema. "Ndugu haogopwi. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwako ni wapi, mzee? Niambie nikupeleke, hata kama ni mbali, hata kama ni ng'ambo ya ziwa, nitakwenda."

"Kwangu hakuna aliyebaki. Nyumbani ni kwetu, Nyakahanga. Shemeji yuko katika uchungu; namsikia toka hapa. Ndugu yangu, unajua kulala kando ya njia kukoje, mvua inakunyeshea, watu wanakutupia majani wakikimbia, na hakuna hata mmoja aliyekulilia kwa jina? Mimi sitaki kumdhuru mtu. Nataka kuzaliwa. Nataka kunyonya, nilazwe karibu na moto, niitwe jina. Nitaingia na wewe mlangoni, na yule mtoto tutagawana."

Alisema bila ukali wowote, na Ndyamukama aliona jambo ambalo lilimtisha kuliko kiganja kile na kuliko harufu ile ya shimo iliyokuwa sasa imemjaa puani na kinywani, nalo ni kwamba alikuwa anamwonea huruma, kwamba angekuwa yeye ndiye amelala pale konani pasipo mtu wa kumlilia, na yeye pia angesema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo.

Kijia cha kwake kinakutana na barabara kwenye migomba ya jirani. Bibi Deodatha alikuwa amesimama hapo hapo, mikono imelowa maji ya uzazi, kana kwamba kuna aliyemwita. Alikitazama kiti cha kushoto, hakuja karibu.

"Usishuke," akamwambia. "Umekula kahawa na nani?"

Akamweleza. Bibi akaanguka magoti njiani, akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao. "Mawe! Mwanangu, mawe!"

"Mfukuze, shangazi. Wewe unajua."

Alijaribu. Akang'oa majani, akayachovya kwenye kibuyu cha maji alichokuja nacho, akakirushia kile kiti, akaita wakubwa wote wa kwao, wenye mapori na wenye maji, sauti ikipanda mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Majani yalipofika kwenye kiti yalianguka yamekauka. Ndani ya lori sauti ikajibu kwa adabu:

"Shikamoo, mama. Sikuingia kwa wizi. Nimekaribishwa."

Deodatha akashusha kibuyu. "Angekuwa jini wa kuvamia ningemtoa," akasema kwa kunong'ona. "Huyu ni ndugu. Omukago hufunguliwa na wawili walio hai, na mmoja wenu ameshazikwa. Ukivuka kizingiti, atavuka. Na kile kiwiliwili cha mtoto hakitaweza pumzi mbili. Utazika wa tatu."

"Na nisipovuka?"

"Atakaa ulipo wewe."

Kutoka nyumbani, nyuma ya migomba, sauti ya Kobugabe ikaja, nyembamba, imechoka. Alikuwa amelisikia lori. "Yustasi! Baba! Umefika? Njoo basi! Njoo, anakuja!"

Jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa ametimiza kiapo. Hatua chache tu za migomba, angeufikia ule mlango. Ndyamukama akaweka mkono kwenye kitasa, akautazama, akautoa. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, huku miguu yake ikitafuta klachi.

"Twende, ndugu," akasema.

"Wapi?"

"Njiani. Nitakaa na wewe njiani."

"Na mtoto?"

"Mtoto muache. Mimi umenipata."

Akageuza lori. Kobugabe aliita mara nyingine, kisha akaita kwa hasira, kisha ngurumo ya injini ikafunika kila kitu, na kilio cha mtoto, kama kilikuwapo saa ile, yeye hakukisikia. Kando yake yule mwenzake naye alikuwa analia.

Mtoto alikaa. Wa kike, wakamwita Placidia. Ndyamukama alilala kwenye lori tangu siku hiyo, leo Nkwenda, kesho Kyaka. Alituma nguo, alituma nyama na chumvi, na mkono wake wa kutuma haukuchoka. Watu nao hawakukosa la kusema. Ana mwanamke Kyerwa, wakasema. Bibi Deodatha alimweleza Kobugabe ukweli wote, tena kwa kiapo, na Kobugabe akamcheka usoni.

"Jini? Huyo jini anavaa kanga ya rangi gani?" akauliza. "Nilimwita nikiwa kwenye damu, shangazi. Nilimsikia akigeuza lori."

Hakumsamehe. Na usiku alilia, maana alimpenda, na kupenda mtu aliyekukimbia ni kazi ya kuchosha.

Hasira nayo huchakaa. Placidia alipokuwa amejua kutembea na kutumwa, mama yake alimvalisha gauni safi, akampeleka mpaka barabarani mchana wa Jumapili, akalisubiri lori. Lilipotokea akajitupa katikati ya njia mpaka likasimama. Hakumsalimia mumewe. Akamsukuma mtoto mbele kidogo.

"Mwonyeshe sura yako," akasema. "Angalau ajue alichokitupa."

Ndyamukama alikuwa amekonda, mvi zimemwahi. Hakushuka. Alimtazama mwanawe kupitia dirisha.

Mtoto akapiga magoti vumbini kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama yangu. Marahaba."

Placidia akainua shingo, akatazama ng'ambo ya baba yake, kwenye kile kiti ambacho mama yake aliona hakina mtu. Akapiga magoti tena.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," sauti nyingine ikajibu, nzito na ya upole, na harufu ya udongo uliochimbuliwa ikashuka barabarani juani.

Kobugabe alimnyakua mtoto kifuani. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mgomba. Kisha akamtazama mumewe, zile mvi, ile mikono iliyoshika usukani kama mtu azuiaye mlango, na miaka yote aliyomlaani ikamrudia kwa mara moja. Ndyamukama alikuwa amefungua kinywa aseme, ameinua mkono kuelekea kitasa.

"Usishuke," Kobugabe akasema, machozi yakimtiririka. "Nimeona, mume wangu. Nenda. Nakuomba, nenda."