Bei ya Boksi Lililofungwa

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mwalimu aliyekuja kuinunua alibonyeza swichi ya kompyuta ya marehemu. Feni zikavuma, kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena, yale yale. Kava lilipofunguliwa watu wakaduwaa: ile kadi kubwa ya picha haipo, memori zote mbili hazipo. Mwalimu akairudisha bahasha ya laki tisa mfukoni, akaaga kwa adabu zote, akaenda zake.

Hajafika hata getini, mtoto wa kwanza wa nyumba, wanayemwita Mkubwa, alimnyooshea kidole mume wa dada yake.

"Mwizi huyu hapa! Fundi kompyuta mwingine humu ndani ni nani?"

"Shemeji, chunga mdomo wako."

"Nichunge mdomo kwenye nyumba ya baba yangu? Napiga simu polisi sasa hivi!"

Mama yao, mjane wa miezi minne, hakumtazama mkwe wake usoni. "Leta begi lako tulione," alisema. Binti yake, mimba ya miezi saba tumboni, akajibu kwamba mumewe akitolewa na polisi, yeye hatalala tena nyumba hiyo.

"Simu weka chini," alisema Shangazi.

Huyu alikuwa dada wa marehemu, mpelelezi mstaafu. Kazi aliiacha, ukali alibaki nao. Alikuja kushuhudia mauzo tu, na sasa damu ilikuwa inamchemka. Kaka yake alichorea ramani za majumba kwenye kompyuta ile hadi ugonjwa ulipomlaza, na watu hawa wanataka kuifanyia maigizo!

Begi likamwagwa mezani. Bisibisi, waya, na memori moja.

"Si mnaona?" Mkubwa akafoka.

"Ya kompyuta ya mapajani hiyo, ya mteja," alisema mkwe.

Shangazi aliichukua, akainama kwenye boksi, akaipima juu ya nafasi yake. Ilikuwa fupi kwa karibu nusu. Akaitupa mezani.

"Hii haikutoka humu. Haya, mkwe, mara ya mwisho uliiona lini ikiwa nzima?"

"Alhamisi jioni. Nilipuliza vumbi, nikaiwasha, mama akaiona. Jana mimi na mke wangu tulikuwa kazini kutwa."

"Wifi, na wewe jana?"

"Kliniki, mpaka saa tisa," mama akasema. "Nilimwachia Mkubwa nyumba. Alikuja kutengeneza bomba."

"Na bomba nimetengeneza!" Mkubwa akadakia. "Shangazi, mimi kompyuta hata kuwasha sijui. Unaniuliza mimi nini?"

"Sijakuuliza bado. Wifi, mbali na mwalimu, nani mwingine aliitaka?"

Mama akafikiri. Jana jioni alipita yule mnunuzi wa vitu chakavu wa pale kona, wanayemwita Bei Yangu. Alisimama kibarazani, akasema laki mbili, bei yangu ndiyo hiyo. Mama alimfukuza.

"Aliiwasha?"

"Hata ndani hakuingia."

Shangazi akamtuma mkwe akamwite Bei Yangu, amwambie kuna kompyuta inauzwa. Mkubwa akasema ana haraka, anaondoka.

"Kaa," alisema Shangazi. Akakaa.

Bei Yangu alifika anatabasamu mpaka gego la mwisho. Shangazi akamvutia kiti.

"Nina kompyuta yangu nyumbani, ya mezani, ina miaka mitano. Nipe bei nikakuletee."

"Aa, mama! Boksi lililofungwa halina bei. Niwashe kwanza, nifungue kava, nione kilichomo. Humo unaweza kukuta hewa tupu."

"Lakini mimi nakuuzia kwa haraka, na ni mtu mzima."

"Hata angekuwa mama yangu mzazi! Siku nitakayotoa bei bila kufungua, jua nimerogwa."

"Jana ulirogwa na nani?"

Tabasamu likakatika. Bei Yangu akamtazama Mkubwa. Shangazi naye akamtazama Mkubwa.

"Ulitoa laki mbili toka kibarazani, kwa kitu cha laki tisa, kwa sababu ulishakifungua. Kadi iko dukani kwako. Nani alikufungulia mlango? Sema, au hiyo simu ya polisi nipige mimi."

"Aliniita yeye, jana saa sita mchana!" Bei Yangu akaropoka. "Alisema ni yake, karithi. Pesa yenyewe hakuijali, alitaka nitoe kadi na memori haraka tu. Hilo boksi nikalirudia jioni kwa tamaa yangu."

Mama akashika kichwa. "Mwanangu, kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Mkubwa alisimama, machozi yanamtoka kwa hasira. "Baba anaumwa, anamwita nani? Huyu! Anakufa mikononi mwa nani? Mwa huyu! Mimi wa kwanza, naambiwa kwa simu kama jirani! Nilitaka mumwone mwizi, aondoke!"

Shangazi alimwamuru Bei Yangu avirudishe vitu vyote kabla ya adhuhuri, naye akatoka mbio. Mama akamshika mkwe wake mkono.

"Mwanangu, nisamehe. Yameisha."

Mkwe akautoa mkono wake taratibu.

"Mama, miezi sita nilimwogesha mumeo. Leo nimeitwa mwizi, na hukuniuliza hata kama ni kweli."

Mama akageukia mlango. Nje, binti yake alikuwa ameshasimamisha teksi, na dereva alikuwa anapakia magodoro yao.