Ndoo Moja kwa Gari Zima

Januari huwa naamka kabla jua halijachomoza nikamwagie kabichi maji. Si kwamba zina kiu. Huku kwetu Lubongan, juu kabisa milimani Benguet, baridi ya usiku huacha barafu nyeupe kwenye majani, na jua likiikuta, majani yanaungua na shamba limekwisha. Basi nyumba nzima tunatoka na ndoo, vidole vinauma, hakuna anayetaka kuongea.

Januari iliyopita nilikuwa na kazi ya pili. Nikimaliza kabichi, nafungua boneti ya gari, nachomoa kijiti cha kupimia oili, nakipangusa, nakirudisha, nakichomoa tena. Mama ndiye aliyenifundisha. Mama ndiye dereva.

Gari lenyewe lilikuwa mtumba kutoka Japani, la dizeli, refu, linavuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na mimi nina miaka kumi na mitatu. Usukani wake ulihamishwa bandarini kutoka kulia kwenda kushoto. Kijiji kizima kililinunua kwa sababu moja tu, kubeba wagonjwa. Kabla ya hapo mgonjwa alikalishwa kwenye kiti, wanaume wanne wakambeba hadi barabara kuu. Babu yangu alifia kwenye kiti hicho, barabara ikiwa inaonekana.

Na safari hii aliyekuwa anangojewa ni Anti Feliza, mke wa Mjomba Hilario. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Kutoka kwetu hadi hospitali ya bondeni kuna kona arobaini na mbili, nimezihesabu mwenyewe. Kwenye mteremko ule breki peke yake haitoshi, lazima ushuke na gia ya pili. Gia ikikataa kuingia, hakuna cha kulizuia gari.

Lakini gari lilikuwa halijaruhusiwa kubeba mtu. Kwetu, tangu jipni ya kwanza, ile jipu ndefu ya abiria na mizigo, ilipofika, gari jipya huchinjiwa nguruwe, wazee wanaliombea, kisha kaka wa dereva anamimina oili mpya watu wote wakitazama. Oili hiyo ni zawadi yake, na zawadi ya siku hiyo hairudishwi. Kaka wa mama ni Mjomba Hilario, na Mjomba Hilario ni fundi. Miaka ishirini ametengeneza jipni za kupeleka kabichi mjini Baguio. Hakuna aliyewahi kumwambia amekosea.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, alilala chini ya gari akamwaga oili yote ya zamani. Mimi nilishika beseni. Oili ya giaboksi iliposhuka, niliona kitu kinang'aa ndani yake. Nikachovya kitambaa cheupe, nikakisugua kwa vidole. Kilibaki na vumbi la njano, laini kama unga.

"Mjomba, hii nini?"

"Uchafu. Gari la zamani hilo, unataka litoe maziwa?"

Sikuridhika. Ndani ya boneti kulikuwa na kibandiko cha Kijapani. Maandishi siyajui, lakini palichorwa giaboksi, na mbele yake pameandikwa 75W-90, GL-4. Pamechorwa difu, ile sehemu ya kati ya ekseli, na mbele yake 90, GL-5. Nikanakili mistari hiyo miwili kiganjani, nikakimbia hadi njia panda, dukani kwa Bi Nenita anayeuza vipuri.

Bi Nenita alitazama kiganja, akatazama kitambaa, akaguna.

"Hiyo ni shaba, mwanangu. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba zinazosaidia gia kuingiana. Oili ya namba tano, hii GL-5, ina dawa kali. Difu inaitaka, maana meno yake yanasagana kwa nguvu. Ukiitia kwenye giaboksi kama hii, dawa inakula shaba. Mwenye gari wa kwanza alitia hiyo hiyo. Mkitia tena, pete zitakwisha na gia zitaanza kugoma."

Nilirudi nikamkuta mjomba ameshaleta zawadi yake: kopo kubwa la oili ya injini, na ndoo moja ya oili ya gia. Nikageuza ndoo. GL-5. Ndoo moja kwa giaboksi na difu zote mbili, kama anavyofanya kwenye jipni zote.

Nikamweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kumenya viazi.

"Nyamaza, Melba. Ni kaka yangu mkubwa. Na kesho wazee watakuwepo."

"Kwa hiyo Anti Feliza ashuke na gia mbovu kwa sababu wazee watakuwepo?"

"Nimesema nyamaza."

Kunyamaza sikuahidi.

Jumamosi watu walijaa uani. Nguruwe akachinjwa, vyungu vikachemka, Mzee Alumit, mkubwa wa wazee wote, akaomba dua ndefu huku mkono wake uko juu ya boneti. Kisha mjomba akavaa kofia yake nzuri, akainua ndoo, akanyoosha mkono wa pili bila hata kunitazama.

"Lete faneli."

Nikaishika faneli, ile ya kumiminia oili, nyuma ya mgongo.

"Kwenye difu nitakupa, Mjomba. Kwenye giaboksi sikupi."

Binamu yangu Jerwin, mtoto wa mjomba, ndiye aliyecheka wa kwanza. "Haya, fundi wa sketi ameanza. Leo utakosa watwat." Watwat ni fungu la nyama ambalo kila aliyekuja hupewa aende nalo nyumbani, na kunyimwa ni aibu kubwa.

"Kula wewe na langu," nikamwambia.

"Melba," akasema mjomba polepole, "ulizaliwa nikiwa na miaka saba ya ufundi. Kijapani umejifunza lini?"

"Sijui Kijapani. Hizi ni namba, na namba ni zile zile kote. Kibandiko kinasema nne, ndoo yako inasema tano."

"Oili ya gia ni oili ya gia."

"Basi na maji ya kabichi ni sawa na maji ya betri."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Niliogopa, nakiri, lakini hasira ilizidi woga. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikakikunjua mbele ya mjomba. Vumbi lile likametameta juani.

"Hii imetoka humo ndani jana. Bi Nenita anasema ni shaba. Pete zinaliwa."

Mjomba alikitazama kitambaa kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akakichukua, akakisugua kwa kidole gumba. Uso wake ukabadilika. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba vumbi hilo analijua, kwamba ameliona kwenye jipni mbili ambazo giaboksi zilimfia mkononi, na siku zote alidhani ni uzee tu.

Lakini pale mbele ya watu hakukiri. Akashika ndoo kwa nguvu zaidi. "Zawadi imeshaombewa," akasema. "Hairudi."

Hapo Anti Feliza akainuka kwenye vyungu, mkono mmoja kiunoni, mwiko bado anao. "Hilario, atakayekaa humo nani? Wewe? Ni mimi na mtoto wako. Msikilize huyo msichana."

Watu wote wakamgeukia Mzee Alumit. Mzee akatafuna taratibu nyama aliyokuwa ameonjeshwa, akameza.

"Mila inasema kaka amimine," akasema. "Haijasema amimine wapi."

"Amimine kwenye difu," nikadakia. "Zote mbili. Ni oili yake hasa, hakuna kosa."

"Na giaboksi ibaki tupu?" mjomba akauliza.

Ndipo mama alipokwenda kwenye gari, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa makopo mawili. GL-4. Akayaweka miguuni pa kaka yake.

"Nilikwenda dukani jana jioni, baada ya viazi," akasema. "Oili nilikuwa nayo, kaka. Ujasiri wa kusema ndio sikuwa nao."

Nikampa mjomba faneli. Alimimina difu ya nyuma kwa ndoo yake, akamimina ya mbele, watu wakapiga makofi. Kisha akafungua makopo ya mama, akamimina kwenye giaboksi.

Ningenyamaza hapo ningekuwa shujaa. Lakini ushindi ulishanipanda kichwani. Mjomba alipochukua kopo la oili ya injini, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Hiyo nayo nzito. Injini ya kisasa inataka nyepesi, 0W-20, ile inayotangazwa kwenye kalenda ya dukani kwa Bi Nenita."

Mjomba akashusha kopo. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Kibandiko kinasemaje kuhusu injini?"

Mstari wa injini sikuusoma. Ulikuwa juu kabisa, nami niliuruka kwa sababu nilikuwa na uhakika.

"Nenda kasome. Kwa sauti."

Nikasoma. 15W-40, ya dizeli. Kopo la mjomba liliandikwa vivyo hivyo, herufi kwa herufi. Jerwin alicheka hadi akakaa chini.

"Nyepesi hiyo ni ya injini zilizotengenezwa juzi," mjomba akasema. "Hii mzee. Ungeitia, ingevuja na kuungua, na mama yako angeachwa kona ya kumi." Akanikabidhi kopo. "Hii mimina wewe."

Nikaimimina, masikio yakiwaka moto.

Wiki tatu baadaye, tukiwa kwenye kabichi alfajiri, Jerwin alikuja mbio kutuita. Mama aliwasha gari, nikakaa nyuma na Anti Feliza, mjomba akakaa mbele. Kwenye kona ya kwanza mama akakanyaga klachi, akasukuma gia ya pili, ikaingia bila hata kukwaruza. Nikaona bega la mjomba likilegea. Kona zote arobaini na mbili gia iliingia. Mtoto alizaliwa saa tatu asubuhi, wa kike, analia kwelikweli.

Kwenye benchi la hospitali mjomba alininunulia kahawa ya maziwa.

"Miaka ishirini nilijua, kwa hiyo sikusoma," akasema. "Nawe ulishinda mara moja, ukaacha kusoma hapo hapo. Tumefanana, mimi na wewe. Endelea kubisha, Melba, hata mbele yangu, hata mbele ya wazee. Lakini kabla hujabisha, soma mstari wote. Na ukikuta umekosea, kubali siku hiyo hiyo, kama nilivyopaswa kukubali mimi."

Siku hizi kwenye gereji yake kuna ndoo mbili, ya GL-5 ina alama ya rangi nyekundu na ya GL-4 ya kijani. Jumamosi nikifika ananiita kutoka chini ya jipni.

"Melba, lete faneli, haraka."

"Subiri," namjibu. "Nasoma kwanza."

Naye anasubiri.