Njia Iliyopimwa Mara Moja

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi, nilimbeba mke wangu mgongoni kutoka kwenye matuta ya mboga hadi mlango wa jikoni. Naanza na saa hiyo kwa sababu nimeitafuta sana. Nimezipekua siku zetu za mwisho moja moja, na kila mara naishia pale.

Ilikuwa siku ya kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ua wetu wa nyuma ulikuwa tope tupu. Mke wangu alipanda vitunguu na nyanya kule mwisho, karibu na ukuta, na goti lake la kulia lilikuwa bovu. Wiki iliyotangulia aliteleza na ndoo mkononi, akakaa kwenye tope mpaka niliporudi kutoka kazini. Nikaapa kumjengea njia kwa mikono yangu mwenyewe.

Jirani yetu ni mwashi mstaafu. Tunamwita Fundi Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Aliniazima fomu, kiunzi cha mbao cha kumiminia slabu za zege, akanifundisha kuipaka oili chafu ili zege lisigandie, na kuchanganya simenti ndoo moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Halafu akanipa sharti alilopewa na aliyemfundisha kazi. Slabu za kukanyagia hazipangwi kwa macho. Mwenye njia atembee, nawe uweke chokaa kila anapokanyaga. Aende, kisha arudi, maana hatua za kwenda na za kurudi hazilingani. Slabu inakaa katikati ya alama hizo mbili.

Basi asubuhi ile mke wangu alitembea kutoka mlangoni hadi karibu na ukuta, nami nikamfuata nikidondosha chokaa. Alama kumi na saba. Alipofika mwisho alilishika goti, jasho likamtoka. Nikamhurumia. Nikainama, nikamwambia apande.

"Mara ya mwisho kunibeba hivi ulikuwa na nywele," akaniambia sikioni.

Tulicheka hadi mlangoni. Fundi Kimya alikuwa akitutazama kutoka upande wake wa ua, na yeye hakucheka.

"Umempima akienda," akasema. "Akirudi hujampima."

Nikamjibu kwamba ajuaye kwenda ajua na kurudi. Akanigeuzia mgongo, akaingia ndani kwake.

Nilimimina slabu kumi na saba, nikazifunika kwa magunia mabichi mpaka zikakomaa. Nilitandika mchanga, nikazilaza juu ya alama zangu, nikazisawazisha kwa pima maji. Ilikuwa kazi nzuri, Mungu anisamehe, na niliionea fahari. Mke wangu aliipita kama msichana. Goti halikumsumbua hata kidogo.

Akienda.

Kurudi, mguu wake haukuipata slabu hata moja. Alikanyaga pembeni, kwenye tope, akitikisa kichwa. Alinitania kwamba nimemjengea njia ya kumfukuzia nyumbani.

Siku ya nne nilimwita aje anywe chai, hakugeuka. Alikuwa amesimama juu ya slabu ya mwisho, uso ukutani. Nikamfuata, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Mume wangu," akanong'ona, "nyumba iko upande gani?"

Iko nyuma yako, nikamwambia. Akageuka, akaitazama muda mrefu. Namna alivyoitazama, ni kama aliyeonyeshwa nyumba ya watu.

Kesho yake nilihesabu slabu. Zilikuwa kumi na nane.

Fomu ilikuwa stoo, kavu, ina utando wa buibui. Mfuko wa simenti ulikuwa umekwisha. Lakini ile slabu ya kumi na nane ilikuwa mbichi bado, imelala katikati ya vitunguu, hatua moja mbele. Nilipima nafasi kwa kamba. Ilikuwa hatua yake kamili.

Hospitali walipima damu, wakapima moyo, hawakuona kitu. Binti yetu akaja kumuuguza. Slabu zikawa kumi na tisa.

Nikamwita Fundi Kimya, tukakubaliana tumpime tena, akirudi. Tulichota mchanga mbichi tukausambaza kando ya njia. Nilimshika mke wangu mkono, tukatoka kwenye matuta polepole hadi mlangoni. Alichoka sana. Alinipapasa shavu akasema tumefika, ahsante. Nikageuka nitie chokaa.

Mchangani kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Zangu.

Fundi Kimya alivua kofia. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Mke wangu hakutoka tena kitandani. Siku tisa. Niliomba mpaka sauti ikanikauka. Slabu zikawa ishirini. Zikawa ishirini na moja, na ya mwisho nusu yake ilikuwa kwetu, nusu iko chini ya ukuta. Ukuta ule ulijengwa kabla binti yetu hajazaliwa.

Nilichukua nyundo. Nilizivunja zote kasoro ile ya chini ya ukuta, ambayo nyundo iliigonga ikadunda. Niliingia ndani mikono ikivuja damu, nikamwambia hakuna njia tena, hutakwenda popote. Alikuwa amelala, ameugeukia ukuta. Alitabasamu kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Umechelewa, baba," akasema. "Nilishapita."

Alifariki Jumanne, saa nne na robo asubuhi.

Binti yetu ndiye aliyemwosha. Alitoka chumbani akanionyesha kitambaa alichomwoshea. Nyayo za mama yake zilikuwa na chokaa, na kati ya vidole simenti ilikuwa imekauka.

Leo ni miezi mitatu. Vipande vyote nilivitupa, ua umeota majani. Asubuhi hii nimefungua mlango wa jikoni, nimekuta slabu moja kwenye kizingiti, mbichi. Ina nyayo mbili. Kidole gumba cha kushoto kimepinda kama changu. Zimezama sana, kama za mtu aliyebeba mwenzake mgongoni.

Vidole vimeelekea ukutani.

Ee Mwenyezi Mungu, mpumzishe mke wangu. Goti lake lisimuume huko aliko. Kosa lilikuwa langu, usimhesabie yeye. Na kama njia ile haina kurudi, basi umwonyeshe pa kukaa, asiendelee kusimama peke yake akiningoja. Amina.