Gia Iliyoteleza Kilimani Chonyonyo

Siku ile walikuwepo watatu tu: rafiki yangu Vero, mwanaye mgonjwa Benitha, na fundi Projest, aliyeacha chakula chake kuwasaidia. Gari kuukuu la otomatiki lilikuwa linateleza gia, na hospitali ilikuwa mbali.

“Oili ya gia ipo, dada,” Projest akasema. “Panda kilima taratibu, mimi nakufuata kwa miguu nikisikiliza gia.”

Ukungu ukamficha fundi. Vero akabaki peke yake na pumzi za mtoto. Injini ikanguruma, gari lisisogee. Mara mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa polepole. Gia ikashika.

Huko juu Projest alifika akihema. “Kumbe ulikuwa na abiria! Bibi mkarimu yule aliyepanda nyuma, kabla hajapanda kanipa punje za kahawa za kutafuna.”

“Bibi gani, kaka?”

Projest akafungua kiganja. Punje zilikuwa bado na joto.

Benitha alitibiwa, akapona. Gia haijateleza tena.