Mahindi ya Ministre

Kila asubuhi kabla ya shule, Christa alimpelekea farasi majani. Farasi huyo aliitwa Ministre, yaani Waziri, kwa sababu alitembea polepole na watu wote walimpisha njia. Mwenye farasi alikuwa Papa Balagizi, baba yake Christa. Siku za komunio ya kwanza, watoto wa mtaa wa Murara waliovaa mavazi meupe walipandishwa mgongoni mwake wakapigwa picha, na picha hizo ndizo zilizoilisha nyumba ile.

Jumapili ya komunio ilikuwa inakaribia. Darasani, Luc alitangaza kwamba mbavu za Ministre zinaonekana kutoka barabarani, na kwamba mwaka huu watoto watapigwa picha wakiwa wamekaa juu ya ngazi. Christa, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alimwambia kwamba afadhali mbavu za farasi kuliko masikio yake. Darasa lilicheka. Lakini maneno ya Luc yalimkaa rohoni.

Katika uwanja wao aliishi mpangaji, Mzee Munyakazi, aliyenenepesha ng'ombe wa kuuza. Ng'ombe wake walikula mahindi ya kupondwa mpaka wakang'aa. Papa alikuwa amekataza mahindi hayo yasimfikie farasi. Hata hivyo, asubuhi moja Christa alifungua gunia la mzee, akajaza beseni. Ministre aliramba mpaka chini. Akamwongezea beseni lingine, kisha akaenda shule akijiona yeye ndiye daktari.

Aliporudi mchana, alimkuta Ministre akiparura mawe meusi ya uani kwa mguu wa mbele. Jasho lilimtoka, na kila mara aligeuza kichwa kutazama tumbo lake. Alianguka, akagaagaa, akainuka, akaanguka tena. Papa alishika kamba akimsemesha taratibu, kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mzee Munyakazi alikuja na chupa ya mafuta, dawa yake ya ng'ombe waliovimba, ili ammiminie mdomoni.

"Weka chupa chini, muzee," alisema Nshobole, daktari wa mifugo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Mafuta yakishuka kwenye mapafu, utamuua mbele yetu."

Huku akisikiliza tumbo, aliwaeleza kwamba farasi si ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne na hucheua. Farasi ana tumbo moja dogo, hacheui wala hawezi kutapika. Kikiingia kibaya, hakirudi. Akafunua mdomo wa Ministre, akaona ufizi uliokuwa wa waridi umegeuka mwekundu wa kuiva.

"Amekula nini leo?" akauliza.

Papa alijibu kwamba Christa ndiye aliyemlisha. Wote wakamgeukia.

"Majani," alisema Christa.

Daktari alitibu ugonjwa wa majani. Alimdunga sindano ya kutuliza tumbo, akaagiza atembezwe polepole. Jioni maumivu yalipungua, na Papa akaenda kanisani kushukuru.

Kesho yake Ministre alikataa kutoka bandani. Alikuwa ameinyoosha miguu ya mbele na kuutupa uzito wote nyuma, kama anayekanyaga makaa. Daktari alirudi, akaweka kiganja kwenye kwato. Zilikuwa za moto.

"Hii si kazi ya majani," alisema.

Christa alianza kulia kabla hajaulizwa. "Nilimpa mahindi ya muzee. Mabeseni mawili. Nilitaka anenepe."

Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mahindi mengi huchacha ndani ya utumbo wa farasi, sumu yake ikaingia kwenye damu na kushuka hadi kwenye kwato. Pale ndani kuna nyama laini inayoshika mfupa, nayo ikivimba haina pa kwenda. Kama angeambiwa jana, angemsafisha tumbo na kuitia miguu yake ndani ya maji ya barafu tangu mchana. Sasa wangejaribu tu.

Walijaribu. Christa alibeba bidoni za maji mpaka mikono ikamchubuka. Luc alileta barafu kutoka kwa wauza samaki, akaimwaga ndani ya ndoo bila mzaha wowote. Jumapili watoto wenye mavazi meupe walipita mlangoni wakichungulia. Ministre alikuwa amelala juu ya unga wa mbao, akihema.

Hakufa. Baada ya majuma mengi alisimama, akavuka uwanja akichechemea. Daktari akasema ataishi, lakini hatabeba mtu tena. Papa alipeleka tandiko mjini Bunagana, akaliuza, akarudi, akaketi karibu na binti yake.

"Ya mahindi nilikusamehe siku ileile," alisema. "Mutu anaweza kukosea kwa sababu ya kupenda. Lakini mgonjwa akiwa mbele ya daktari, ukweli ndiyo dawa ya kwanza, hata kama unakuaibisha. Farasi hawezi kusema alichokula, mutoto wangu. Mdomo wake ulikuwa wewe, nawe ukaficha."

Christa aliinuka, akachukua fungu la majani, akamlisha Ministre kidogo kidogo.